Mhasimu baridi: kijana asiyesomeka anavyoingia katika riwaya

Mhasimu ni mhusika anayemzuilia njia mhusika mkuu. Si lazima awe mwovu. Inatosha kwamba anachokitaka huyu na anachokitaka yule haviwezi kupatikana vyote viwili. Hapo hakuna ugumu. Anayewasumbua waandishi ni mhasimu wa aina moja tu: kijana wa miaka 15 au 16, mtulivu, asiyesomeka usoni, ambaye hacheki wala hakasiriki. Vijana wanaoniletea hadithi zao nizisome hapa Kigoma wanampenda sana mhusika huyu, na wengi wao wanamharibu siku ile ile anapoingia.

Wanamharibu kwa kumweleza. "Alikuwa kijana katili, mwenye macho ya nyoka na moyo wa jiwe." Msomaji ameshapewa hukumu, atafute nini tena? Kitendawili kimeteguliwa kabla hakijategwa.

Fasihi yetu ina desturi ya kutoa hukumu mapema kwa makusudi, hasa kwa majina. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu za Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Ukisikia majina tu umeshajua kitakachofuata, na ni sawa, kwa sababu kitabu kile kinataka tuutazame wivu ukifanya kazi yake mchana kweupe. Mhasimu asiyesomeka anataka kinyume chake: jina lisiloeleza kitu, au jina lililocheleweshwa. Mwandishi Mwingereza Graham Greene, katika riwaya yake Brighton Rock ya 1938, ana mhasimu wa miaka 17 ambaye jina lake lipo na wenzake wanalitumia, lakini msimulizi anaendelea kumwita "Mvulana", sura baada ya sura. Neno la kawaida kabisa, na kila likirudiwa linatusogeza mbali naye.

Sasa tushuke Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, alfajiri, boti za dagaa zinaporudi kutoka ziwani. Huu ni mfano wangu mwenyewe, ninaoutumia kufundishia.

Mama Riziki amesimama majini, maji yamemfika magotini, anatazama boti zinazoingia. Nyuma yake, juu ya mtumbwi uliofudikizwa mchangani, ameketi kijana anakula chikichi za kuchemsha. Kokwa anazipanga ubaoni, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu, boti ya baba Riziki umeiona?"

Kijana anasimama kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jana ziliondoka taa saba. Zimerudi sita."

Wimbi linapanda. Anainama, anasogeza ndala zake zisilowe, anaketi tena.

Basi. Hajafanya kosa lolote, wala hakuna sentensi inayomwita katili, lakini nimewasomea watu kipande hiki mara nyingi na kila mara pale penye ndala mtu huguna. Kinachowashtua ni hesabu ile. Kama alizihesabu taa zikiondoka na akazihesabu zikirudi, basi alikuwepo, alikuwa macho, na ameijua habari hii kabla ya mama mwenye mume ziwani. Amekaa nayo, anakula. Huo ndio ubaridi wa hisia katika riwaya: mhusika anaona kuliko watu wote waliopo, na alichokiona hakimtikisi. Wanafunzi hudhani kijana baridi ni yule asiyejali kinachoendelea, anayetazama pembeni. Huyo ni mvivu tu, hamtishi mtu.

Halafu ile shikamoo. Wengi wangemfanya kijana huyu asiamkie, aonekane jeuri. Mimi nakataa. Jeuri ni hisia. Mtoto anayekunyima shikamoo ana jambo na wewe, na jambo hilo unaweza kuliuliza. Lakini anayesimama, akakuamkia vizuri kama alivyolelewa, kisha akakupa habari ya msiba kwa sauti ile ile, huyo utamshikia wapi? Adabu kwetu ndiyo tunayopimia utu. Hapa adabu imetimia na utu hatuuoni.

Angalia pia tunamwona kwa macho ya nani. Tumesimama upande wa Mama Riziki muda wote. Ukiandika hata mara moja "kijana aliwaza moyoni kwamba", umefungua mlango, na msomaji akishaingia humtoi tena.

Kuhusu umri: mtu mzima akiwa hivi tunasema maisha yamemkomaza, tunapita. Kijana wa miaka 16 tunamtarajia apande na kushuka, aone haya, apende, acheke ovyo, anune kwa jambo dogo. Visipokuwepo hivyo vyote, woga wetu unachanganyika na swali: mtoto huyu kapatwa na nini? Swali hilo ndilo linalomfanya msomaji afungue sura inayofuata, kwa hiyo mwandishi lazima awe na jibu lake tangu mwanzo, hata kama atalificha kwa muda mrefu. Fumbo ambalo hata aliyelifumba halijui huonekana, na msomaji huudhika kwa haki.

Ndiyo maana huwa naacha ufa mmoja mdogo. Mama Riziki anapoanza kukimbia kuelekea boti ya mwisho, kijana anatema kokwa ya saba kiganjani. Zile sita zimepangwa ubaoni. Hii haiweki pamoja nazo. Anaifumbata mkononi, na hatumwoni akiifumbua.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini ile ya saba asiipange na wenzake. Nilimwambia sababu ninayo, nimeiandika pembeni kwenye daftari, na itatoka sura ya tisa.