Je, wajua kwa nini shule mbili za serikali hufanya mtihani mmoja na kutoka na matokeo yaliyo mbali kama mbingu na ardhi?

Kila Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima hushika simu. Fungua ukurasa wa shule yoyote utakuta jedwali dogo: divisheni, yaani madaraja ya ufaulu, kuanzia I ya juu kabisa mpaka IV, kisha 0 ya walioshindwa, na mistari mitatu, F ya wasichana, M ya wavulana, T ya jumla. Kuhusu watoto wenyewe, jedwali hilo limeuliza jambo moja tu, wa kike au wa kiume. Halikuuliza wanatembea umbali gani asubuhi, nyumbani wanaongea lugha gani, wala waliingia kidato cha kwanza na alama gani. Na humo ndimo lilimojificha jibu letu.

Chukua Ilboru ya Arusha na shule ya kata unayoijua wewe. Zote ni za serikali, mtaala mmoja, karatasi moja ya mtihani, na walimu wake ni watumishi wa mwajiri yule yule. Ilboru inajaza safu ya kwanza. Shule ya kata, mara nyingi, inajaza ya nne na ya sifuri. Watu husema, "Ilboru wanafundisha bwana!" Wanafundisha kweli. Lakini Ilboru, kama Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, ni shule ya vipaji maalumu. Anayepangiwa huko ni yule aliyeng'ara darasa la saba, na anakaa bweni. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kupitia MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ili mtoto wa kawaida naye apate kiti. Januari 2016 ada ikaondolewa, mlango ukapanuka zaidi. Shule moja imeundwa kuchagua, nyingine imeundwa kupokea.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, hawa tunaowaita wa Kayumba, amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru, anaweza kumweleza bibi yake namna jani linavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, na bibi akaelewa. Anaingia kidato cha kwanza, mwalimu anaandika ubaoni photosynthesis. Jambo ni lile lile analolijua, lakini sasa ni neno geni lenye herufi asizojua kuzitamka, na kuanzia siku hiyo karibu kila mtihani utamjia kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Pembeni yake amekaa mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya Kiingereza. Yeye anajifunza baiolojia. Huyu wa Kayumba anajifunza baiolojia na lugha kwa mpigo, kwa vipindi vile vile.

Sasa tazama hesabu ya divisheni inavyoficha kazi ya mwalimu. Huchukuliwa masomo saba bora: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Kilele ni pointi 7, ile "wani ya saba" ya kutembea kifua mbele. Pointi 34 na 35 ni ziro. Tuseme kuna binti aliyeingia hawezi kusoma sentensi nzima ya Kiingereza, akatoka na D mbili na F tano. Ana pointi 33, divisheni IV. Kuna kijana aliyeingia na A tupu za darasa la saba, akatoka na pointi 17. Huyo ni divisheni I, anapigiwa makofi. Nani kati yao amesogezwa mbali zaidi na shule yake? Jedwali halina safu ya swali hilo.

Zipo pia shule binafsi zinazopunguza idadi kabla ya mtihani. Asiyefikia wastani uliowekwa huambiwa atafute shule nyingine au akajiandikishe kituo kingine, na ziro yake ikija, inahesabiwa huko. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora. Mimi nilifurahi.

Je, basi shule haina kazi, kila kitu ni mtoto alivyokuja? Hapana. Mwaka 1966 Mmarekani James Coleman alitoa ripoti ya utafiti mkubwa wa shule za kwao, na wengi waliisoma hivyo, kwamba familia ndiyo inayoamua na shule inaongeza kidogo tu. Lakini miaka kumi baadaye Stephen Heyneman alichapisha matokeo ya utafiti wake hapa jirani, Uganda, yakaonyesha picha nyingine. Hali ya nyumbani ilieleza machache, shule yenyewe ilieleza mengi. Mwaka 1983, akiwa na William Loxley, alilinganisha nchi 29 na kuona kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu unavyokuwa na uzito zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia asiyekuwepo katika shule ya kata, au kitabu kimoja kinachogombewa na dawati zima, ni hasara kubwa kuliko ingekuwa kwa mtoto wa tajiri mwenye tuisheni jioni.

Ukitaka kuijua shule, fanya hivi. Tafuta matokeo yake ya upimaji wa kidato cha pili, kisha ya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Wengi watakuwa watoto wale wale, ukiacha waliohama na waliokariri darasa. Tazama wangapi walikuwa divisheni IV wakapanda. Kisha shuka kwenye mstari wa F, uhesabu wasichana waliokuwepo kidato cha pili na waliofika cha nne. Tangu Novemba 2021 binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Pengo likiwa kubwa, usiishie kwenye simu. Nenda shuleni, muulize mkuu wa shule wako wapi.