Mkate uliolala si mkate uliokauka

Kila mwaka ikikaribia Alhamisi ya nne ya Novemba simu yangu haipumziki. Ndugu tuliotawanyika huku Marekani, wengi wamealikwa na wakwe au majirani kwenye chakula cha Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku, na wameambiwa waje na sahani moja, wananiuliza jambo lile lile: ule mkate wa kujazia bata mzinga unapikwaje usiwe uji? Nimepika miaka mingi katika jikoni za hoteli na za nyumba za wazee hapa Massachusetts, na trei za mkate huo nilizotoa oveni ni nyingi kuliko bata mzinga wenyewe. Basi leo naandika mara moja. Nikiulizwa tena natuma kiungo.

Wenyewe huuita stafini ukipikwa ndani ya bata, na dresini ukiokwa peke yake kwenye trei. Huku kaskazini kanuni hiyo hawaifuati. Ni stafini tu hata kama haujamwona bata. Kusini, Georgia na Alabama, ni dresini, na mkate wake ni wa unga wa mahindi. Minnesota wapo wanaotia mchele mwitu wa maziwani, ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, huuita manoomin. Pwani hii ya New England wengine hutia chaza. Mimi nashika ule wa kawaida: mkate mweupe wa ngano, vitunguu, seleri, siagi, seji (jani la kunukia, sage kwa Kiingereza) na supu.

Na usimwamini anayekwambia chakula hiki kimeshuka moja kwa moja kutoka kwa walowezi wa Plymouth, Waingereza waliohamia hapa Massachusetts karne ya 17. Barua ya Edward Winslow, mmoja wao, inayosimulia karamu ya 1621 inataja ndege waliowindwa na kulungu watano walioletwa na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pwani hii. Mkate wa kujazia haumo. Sikukuu yenyewe Rais Lincoln aliitangaza kitaifa 1863, na Bunge la Marekani likaifunga kwenye Alhamisi ya nne mwaka 1941. Mwaka 1972 ikaja Stove Top, stafini ya boksi, ya kumiminia maji ya moto, na sasa wapo watu wazima wanaodhani hiyo ndiyo asili. Si mbaya, kusema kweli. Ila chumvi yake unailipia kwa kiu usiku kucha.

Sasa tuje kwenye mkate, maana asilimia kubwa ya lawama ninazozisikia chanzo chake ni hapo.

Mapishi mengi yanaagiza "mkate wa jana au juzi". Mtu anachukua slesi zilizokaa siku tatu kwenye mfuko, anazigusa, ngumu, anaridhika. Kumbe mkate uliolala na mkate uliokauka ni vitu viwili. Mkate ukitoka oveni na kupoa, wanga uliolainika kwa joto huanza kujipanga upya, unashikana na kuwa mgumu. Ugumu huo hauhitaji maji yatoke. Mkate mweupe wa dukani una maji yapata theluthi ya uzito wake au zaidi, na ukilala ndani ya mfuko uliofungwa karibu yote bado yamo. Ushahidi unao tangu utotoni: boflo la jana, gumu kama gome, ukilipasha juu ya mkaa linalainika upya. Lingekuwa limekauka lingetoka wapi laini? Na ukiuweka mkate kwenye friji ndiyo unaharakisha kulala, kwa sababu wanga hujipanga haraka zaidi katika ubaridi ule.

Kwa hiyo ukimimina supu juu ya mkate uliolala, unamwaga maji juu ya maji. Nje unaloa, ndani hauna nafasi, kipande kinavunjika kabla hakijakunywa. Mkate uliokauka kweli una njaa. Unaivuta supu mpaka kiini na bado unabaki na umbo.

Hili nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya wazee niliachiwa trei mbili. Nikatumia slesi zilizolala, nikamimina supu yote kwa mpigo mmoja, nikafunika, nikaoka. Kilichotoka ni bokoboko isiyo na nyama. Bibi mmoja, mstaarabu sana, alikula mpaka akamaliza, kisha akaniuliza kama leo pudini imeletwa kabla ya chakula.

Fanya hivi. Chukua mkate gramu 700, yaani boflo moja kubwa na nusu, ulioshikana kidogo na usio mtamu. Uchane kwa mkono vipande vya ukubwa wa kete. Kisu kinatoa vipande sawasawa na vinapendeza, lakini mkono unaacha kingo zenye meno, na meno hayo ndiyo yanayokuja kuwa makavu na ya rangi ya asali juu ya trei. Tandaza kwenye trei mbili, oveni nyuzi 135 za Selsiasi (huku wanaandika 275 za Farenhaiti), dakika 40 hadi 50, geuza mara mbili. Hutafuti rangi, unatafuta sauti: ukiitikisa trei ivume kama kokoto. Pasua kipande kimoja. Kikiwa na unyevu katikati, rudisha. Kazi hii ifanye Jumanne au Jumatano, mkate ukipoa uuweke kwenye mfuko wa karatasi. Alhamisi oveni ina wenyewe.

Siagi ni gramu 115, kipande kimoja cha siagi kama zinavyouzwa huku. Iyeyushe kwa moto mdogo, tia vitunguu maji viwili vikubwa na mashina manne ya seleri, vyote vimekatwa vidogo. Hapa sisi tuna ugonjwa wa kukaanga kitunguu mpaka kiwe dhahabu, kama cha pilau. Jizuie. Kitunguu kilichoungua kinaleta utamu mzito unaoizima seji, na trei nzima inanukia kama pilau iliyokosa bizari. Dakika 10 hadi 12, vilainike na kung'aa. Seleri isiachwe ikiwa bado inalia chini ya jino, kwa maana ndani ya mkate haitalainika sana tena.

Seji ni jani la kuheshimu. Majani mabichi yaliyokatwakatwa vijiko vikubwa viwili, au makavu vijiko vidogo viwili, pamoja na thaimu nusu ya hapo na pasili kiganja kimoja. Wanaotaka njia ya mkato hununua Bell's, viungo vilivyochanganywa tayari, boksi dogo lenye picha ya bata mzinga lililotoka Boston tangu 1867, na hakuna ubaya. Lakini usizidishe. Ndani ya seji mna harufu ya kafuri, na sisi wa pwani tunajua kafuri inatumika wapi. Ukizidisha, chakula kinanukia sanda.

Supu ya kuku au ya mifupa ya bata, mililita 600, na nyingine kidogo pembeni. Ikiwa ni ya kidonge, punguza chumvi yote uliyopanga kutia, kwa sababu mkate una chumvi, siagi huenda ina chumvi, na oveni itakausha maji iiache chumvi. Onja supu yenyewe: iwe kidogo chini ya unavyoipenda. Piga mayai mawili ndani ya supu iliyopoa; ya moto itayapika kabla ya wakati. Mayai ndiyo yanayoushika mkate ukatike vipande badala ya kumwagika kama makombo.

Changanya mkate, vitunguu na majani, kisha mimina supu kwa awamu tatu. Baada ya kila awamu geuza kwa mikono na usubiri dakika kumi. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka. Mkate unakunywa polepole, na mkono tu ndio unaojua umetosheka. Bana kipande kati ya vidole: kiwe kimeloa mpaka ndani, kishikane, kisidondoshe tone. Kikidondosha, umeshapitiliza, ongeza mkate mkavu (ndiyo sababu huwa naweka akiba ya vipande viwili vitatu vya ziada). Kiini kikiwa bado kigumu, ongeza supu hata kama karatasi ya mapishi inasema imeisha.

Paka siagi trei ya sentimita 23 kwa 33, mimina bila kushindilia, funika kwa foili. Oveni nyuzi 175, yaani 350 za huku, dakika 30. Ondoa foili, dakika 20 hadi 25 nyingine mpaka juu pakauke na kukwaruza.

"Na ndani ya bata je, si ndiyo asili?" Naulizwa kila mara. Msimamo wangu ni trei. Mkate ulio tumboni unanyonya maji ya nyama mbichi, na katikati yake ndipo joto linapofika mwisho. Ili uwe salama lazima kipimajoto kisome nyuzi 74 (165 za Farenhaiti) katikati ya mkate wenyewe, si kwenye paja tu. Ukisubiri hapo, kidari kimeshakuwa ubao. Ukishikilia, basi jaza dakika ile ile unapomwingiza oveni, jaza kwa ulegevu kwani mkate huvimba, na usimjaze usiku akalala kwenye friji. Mimi nikitaka ladha ya bata natandika mabawa yake juu ya trei kabla ya kufunika. Yanadondosha mafuta wakati wa kuoka, nami nayatoa mwishoni, mradi nayo yamefika nyuzi hizo.

Kwa wanaokula halali: ukialikwa, uliza kabla. Familia nyingi hutia soseji ya nguruwe humu, na ikishachanganyika huioni kwa macho. Ndiyo maana nawashauri watu wajitolee wao kuleta sahani hii hasa. Soseji ya ng'ombe inakubali, ikaangwe kwanza na mafuta yake yamwagwe, la sivyo siagi ipunguzwe nusu.

Kiporo kiingie friji ndani ya saa mbili. Ijumaa asubuhi mimi hukata vipande kama vya mkate wa kumimina, naviweka kwenye kikaango chenye siagi kidogo mpaka pande zote mbili zishike rangi, naweka yai juu. Chai ya iliki pembeni, bata abaki huko huko.