Uhusiano wa majedwali katika ORM: maana yake na unapokaa

ORM ni programu inayokaa kati ya msimbo wako na hifadhidata. Kazi yake ni kugeuza rekodi za majedwali ziwe vitu ambavyo lugha ya programu inavielewa, kisha kuvirudisha kuwa rekodi wakati wa kuhifadhi. Hibernate hufanya hivyo kwa Java, SQLAlchemy na Django kwa Python. Kufafanua uhusiano ni kuiambia ORM jedwali lipi linahusiana na lipi na kwa namna gani, ili uandike tu kipimo.mgonjwa na umpate mgonjwa mwenyewe, bila kuandika SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) ya kuunganisha majedwali.

Tuchukue mfumo wa hospitali. Mgonjwa mmoja hufanyiwa vipimo vingi, ila kila kipimo ni cha mgonjwa mmoja. Huo ni uhusiano wa mmoja kwa wengi, na ndio utakaokutana nao kila siku. Hifadhidata inahitaji kitu kimoja tu: safu wima ya mgonjwa_id ndani ya jedwali la vipimo, yenye namba ya mgonjwa husika. Huo ndio ufunguo wa kigeni (foreign key). Kwa Django huandikwa hivi:

class Kipimo(models.Model):
    mgonjwa = models.ForeignKey(Mgonjwa, on_delete=models.PROTECT, related_name="vipimo")

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ukisoma msimbo, uhusiano una pande mbili: kipimo.mgonjwa na mgonjwa.vipimo (jina lililotolewa na related_name). Ukifungua hifadhidata, uhusiano huo una upande mmoja tu. Jedwali la wagonjwa halina orodha ya vipimo popote pale. Ukiita mgonjwa.vipimo.all(), ORM inakwenda kwenye jedwali la vipimo na kuuliza ni rekodi zipi zenye namba ya mgonjwa huyo, tuseme mgonjwa_id = 7. Orodha unayoiona ni jibu la swali hilo, wala haikuwa imehifadhiwa.

Ukilielewa hilo, mengi yanayoonekana kama ukaidi wa ORM yanaeleweka. Hibernate hutumia mappedBy, maelezo unayoyaandika kwenye upande usio na ufunguo, ili ujue, nayo ijue, kwamba ufunguo uko upande wa pili. Ukisahau kuiweka, itachukulia kuwa una mahusiano mawili tofauti, na inaweza hata kuunda jedwali la ziada ambalo hukuliomba. Tena, ukiongeza kipimo kipya kwenye orodha ya mgonjwa bila kuweka mgonjwa kwenye kipimo chenyewe, mgonjwa_id itabaki tupu, kwa sababu Hibernate husoma upande wenye ufunguo pekee.

Mmoja kwa mmoja, mfano mgonjwa na kadi yake ya bima, ni ufunguo uleule uliowekewa sharti la kutojirudia. Hauna makubwa zaidi ya hayo.

Wengi kwa wengi ndio wenye mitego. Mgonjwa hutumia dawa nyingi, na dawa moja hutumiwa na wagonjwa wengi, hivyo ufunguo hauwezi kukaa kwa yeyote kati yao. Linahitajika jedwali la kati, lenye mgonjwa_id na dawa_id. Django hukuundia hilo kimyakimya ukitumia ManyToManyField. Mimi napendelea kuliandika mwenyewe tangu mwanzo na kulipa jina, tuseme Agizo, kwa kuwa haichukui muda mtu ataulizia dozi, tarehe na daktari aliyeandika, na hayo hayana pa kukaa isipokuwa hapo katikati. Kulibadilisha jedwali lililoundwa kimyakimya wakati lina data tayari ni kazi ya kuchosha.

Kufafanua uhusiano ni pia kuamua nini kitokee rekodi inapofutwa. Tangu toleo la 2.0, Django inakulazimisha kujaza on_delete. CASCADE hufuta vipimo vyote pamoja na mgonjwa, SET_NULL huviacha bila mwenyewe, PROTECT hukataa ufutaji. Wanaoanza huweka CASCADE kila mahali kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye mifano. Kwa matokeo ya maabara, hilo ni jambo la kuogofya.

Halafu kuna kasi. ORM nyingi hazimleti mgonjwa mpaka umwite. Ukipitia vipimo 200 na kwa kila kimoja ukachapisha kipimo.mgonjwa.jina, Django itauliza hifadhidata mara 201: mara moja kwa vipimo, kisha mara moja kwa kila kipimo. Msimbo unaonekana safi, ukurasa unajikokota. Dawa yake ni Kipimo.objects.select_related("mgonjwa"), inayoleta vyote kwa swali moja. Kwa orodha ya upande wa pili, yaani wagonjwa pamoja na vipimo vyao, tumia prefetch_related, ambayo huuliza mara mbili na kuoanisha majibu ndani ya Python. Java ina desturi yake: kwa kanuni za JPA (viwango vya ORM za Java, ambavyo Hibernate huvifuata), @ManyToOne, yaani upande wenye ufunguo, huleta mhusika papo hapo hata usipomhitaji, kwa hiyo huko wengi huandika LAZY (asiletwe mpaka aitwe) kwa mkono wao.