Kebo ya siriali ya UPS: ipime kabla ya kuichomeka

Ofisi nyingi hapa Mwanza zina UPS, yaani kifaa chenye betri cha kushika umeme unapokatika, nzuri kabisa chini ya meza. Umeme ukikatika inadaka, kazi zinaendelea, kila mtu anafurahi. Kisha betri inaisha, seva inazimika ghafla mafaili yakiwa wazi, na kesho yake fundi anaitwa kufufua data. Ukiangalia nyuma, kebo ya siriali imening'inia, au imechomekwa yoyote iliyopatikana kwenye droo. Kwangu UPS isiyoongea na kompyuta imefungwa nusu tu, kwa sababu kebo hiyo ndiyo inayoiambia seva kwamba umeme umekatika na betri inakaribia kwisha, ili ifunge kazi na kujizima yenyewe.

Kosa kubwa ninalolikuta ni mtu kuamini kwamba plagi ikiingia, basi kebo ni yenyewe. Kwa upande wa kompyuta, tundu la RS-232 la pini 9 linajulikana: pini 2 inapokea, 3 inatuma, 5 ni ya ardhi. Upande wa UPS kila mtengenezaji ana lake. Chukua Smart-UPS za APC zinazotumia kebo ya 940-0024C: pini 3 ya kompyuta inakwenda pini 1 ya UPS, 2 inakwenda 2, na 5 inakwenda 9. Ukichomeka kebo ya kawaida ya modemu hapo, UPS inaweza kuzimika papo hapo na kila kilichounganishwa nayo. Nimeshaitwa kwa ajili ya UPS “mbovu” ambayo haikuwa na ubovu wowote ila kebo.

Kwa hiyo anza na multimita, kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Weka kwenye mlio, gusa pini moja upande huu, kisha pitia zote za upande wa pili. Zinazopaswa kulia zilie, na zisizopaswa zinyamaze. Hilo la pili wengi hulisahau. Ukikuta pini 7 na 8 za upande wa kompyuta zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, usishtuke, kebo nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi. Mlio ukiwa unaendelea, kunja na tikisa kebo karibu na plagi. Mlio ukikatakata, waya umeanza kukatika ndani. Kwa wenye ofisi karibu na maji, kama kule Mwaloni, chunguza pia kutu ya kijani kwenye pini.

Sasa tundu la kompyuta. Kompyuta inaweza kuwaka vizuri huku tundu lake la siriali limekufa kwa radi, na ngurumo za usiku za ziwa letu mnazijua. Unganisha pini 2 na 3 kwa kipande kifupi cha waya, fungua minicom, programu ya kuongea na tundu la siriali, zima udhibiti wa mtiririko wa data, kisha andika herufi chache. Zikirudi kwenye skrini, ondoa waya uandike tena. Zikiendelea kurudi bila waya, ni programu inakurudishia maandishi yako mwenyewe, na kipimo hicho hakijakuambia kitu.

Baada ya hapo ongea na UPS yenyewe. Kasi 2400, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Kwa APC nilizotaja, andika Y kubwa. Ikijibu SM, mnaelewana. UPS nyingi za bei nafuu hutumia lugha ya Megatec: andika Q1 ubonyeze Enter, na jibu litafanana na hili:

(231.0 231.0 229.5 018 50.1 13.6 28.0 00001001

Kwa mpangilio ni volti zinazoingia, volti za hitilafu ya mwisho, zinazotoka, mzigo kwa asilimia, masafa, volti za betri na joto. Tarakimu 8 za mwisho ni hali ya UPS: ya kwanza inakuwa 1 umeme ukikatika, ya pili betri ikiwa chini. Ukipata herufi za ajabu ajabu, angalia kasi. Ukipata kimya, rudi kwenye pini za kutuma, kupokea na ardhi.

Funga minicom kabla ya kuwasha NUT, programu ya seva inayoisimamia UPS, maana programu mbili haziwezi kushika tundu moja. Amri yake ya upsc ikionyesha OL, umeme upo. Waambie watu wahifadhi kazi zao, kisha zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi. Swichi inakata waya wa moto na kuiacha ardhi, lakini ukichomoa, ardhi inaondoka nayo, na kama kompyuta ina vifaa vingine vilivyo kwenye soketi tofauti, kebo yako nyembamba ya siriali inaweza kubaki ndiyo njia ya ardhi.

OL ibadilike kuwa OB (UPS inatumia betri), betri ikishuka iongezeke LB (betri iko chini), na seva ianze kujizima kabla UPS haijakata. Pima dakika hizo kwa simu, uziandike pamoja na tarehe kwenye karatasi ya kubandika juu ya UPS. Betri huchoka, kwa hiyo atakayepima mwakani atahitaji namba ya kulinganisha.