Usiku wa nyota ni nini?

Usiku wa nyota ni mkusanyiko wa wazi ambapo wenye darubini huzipeleka mahali majirani wanapoweza kufika kwa urahisi, na kila anayekuja, awe mtoto au mzee, hupewa zamu ya kutazama mbingu kwa jicho lake mwenyewe. Kwa jicho lake mwenyewe: hapo ndipo penye kiini. Mhadhara wa picha za sayari zinazorushwa ukutani una faida zake, lakini si usiku wa nyota, hata ukifanyika saa nne za usiku. Wala wapenzi wa falaki wanne waliojitenga porini na vyombo vyao hawajaandaa usiku wa nyota. Hao wako kwenye shughuli yao.

Anayetajwa sana katika historia ya jambo hili ni John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa na aliyezunguka na darubini kubwa alizoziunda kwa mbao na mirija ya kadibodi. Mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha kikundi huko San Francisco cha kusimamisha darubini kando ya barabara na kumwita yeyote anayepita. Darubini za muundo wake, zinazokaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka, bado ni nyingi katika mikusanyiko hii, kwa kuwa hazina gharama kubwa na hata mgeni huelewa mara moja zinavyogeuzwa.

Swali la kwanza la mwandaaji huwa ni mahali, ila mimi naona lianze la mwezi. Watu wengi hudhani usiku bora ni wa mwezi mpevu. Kumbe huo ndio mbaya kuliko yote: mwanga wake hufuta nyota hafifu, na mwezi wenyewe huonekana bapa kama sahani kwa sababu jua linaupiga usoni na hakuna vivuli. Nusu ya kwanza, kama siku saba baada ya mwezi kuandama, ni tofauti kabisa. Kwenye mpaka wa mwanga na giza, jua linachomoza juu ya milima ya mwezini, vivuli ni virefu, na mashimo yanaonekana yana kina. Halafu mwezi huo unakuwa juu tangu jua linapotua, watoto wakiwa bado macho. Usiku wa Kimataifa wa Kuutazama Mwezi, unaofanyika kila mwaka tangu 2010, huwekwa karibu na nusu ya kwanza kwa sababu hiyo.

Ukishachagua mwezi, mahali panajichagua. Mwezi na sayari za Mshtarii (Jupita) na Zohali (Saturni) vinang'aa vya kutosha kuonekana hata katikati ya mji wenye taa, kwa hiyo nenda waliko watu. Ukitaka kuonyesha Njia ya Maziwa, au ule ukungu, yaani wingu la gesi na vumbi, ulio katika kundi la nyota la Orioni, hapo ndipo utafute giza na usiku usio na mwezi.

Na giza likishapatikana, ni mali ya wote waliopo. Mboni ya jicho hupanuka kwa sekunde chache tu, lakini kemikali inayoliwezesha jicho kuona gizani, rodopsini, huhitaji dakika 20 hadi 30 kujijenga. Mtu mmoja akiwasha tochi ya simu atafute ufunguo ulioanguka, waliokuwa karibu naye wanaanza upya. Ndiyo maana waandaaji hutumia taa nyekundu hafifu: seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazisumbuliwi sana na rangi hiyo. Waeleze watu sababu badala ya kuwakemea, nao watakuwa walinzi wa giza kuliko wewe.

Foleni nayo ina hesabu yake. Kila mtu akitazama kwa dakika moja, darubini moja huhudumia watu 60 kwa saa, na hiyo ni kama hakuna anayerudi mara ya pili. Watarudi. Zaidi ya hayo, dunia inazunguka: mwezi husogea angani upana wake mzima kwa takriban dakika mbili, kwa hiyo msimamizi hurudisha darubini kwenye shabaha kila baada ya mtu mmoja au wawili. Wanaosubiri wasiachwe hivi hivi. Waonyeshwe Kilimia, kila mmoja ahesabu nyota anazoziona kwa macho matupu, kisha wapokezane darubini ndogo ya macho mawili waone zinavyoongezeka.

Jambo ambalo halikuandikwa popote nililijifunza kwa mama mmoja aliyeinama kwenye darubini iliyoelekezwa Zohali, akasema, "Nimeona, asante," akageuka aende. Nikamuuliza, "Mama, pete yake imelala upande gani?" Akanyamaza. Nilipochungulia, mrija ulikuwa umeguswa na mbele yake palikuwa na weusi mtupu. Alikuwa amenisitiri mimi, na foleni iliyokuwa nyuma yake. Nikairudisha sayari mahali pake, nikamwomba aweke mikono mgongoni na asogeze jicho taratibu. Safari hii alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Hii ni yenyewe, au umebandika picha?" Tangu siku hiyo simruhusu mtu aondoke kabla sijamuuliza swali dogo kuhusu alichokiona: vinukta vingapi, yaani miezi yake, viko pembeni mwa Mshtarii, kivuli kiko upande gani wa shimo.

Ni haki pia kumwambia mgeni mapema kwamba ukungu wa Orioni hautakuwa na rangi za kwenye picha. Jicho gizani halioni rangi vizuri, kwa hiyo ataona wingu la kijivu. Mwambie kuwa mwanga huo ulisafiri takriban miaka 1,300 hadi kufika kwenye jicho lake, na kijivu hicho kitamtosha.

Usalama ni mfupi kuusema. Darubini isielekezwe angani kabla jua halijazama kabisa, kwa kuwa kulitazama jua kupitia kwake hupofusha papo hapo. Kalamu ya leza ya kuonyeshea nyota isielekezwe kwenye ndege inayoruka wala usoni mwa mtu. Miguu ya stendi ifungwe kitambaa cheupe ili watu wasijikwae. Mawingu yakitanda, tangaza mapema saa ya uamuzi na tarehe ya akiba.

Kabla mtu hajaondoka, mtoe kwenye darubini na umwonyeshe sayari ile ile kwa macho matupu, juu ya paa gani au karibu na mti upi. Kesho jioni itakuwa karibu pale pale, naye ataitafuta mwenyewe.