Shingo iliyopinda na ulimi usiotulia: kwa nini benzheksoli haiponyi vyote

Mgonjwa ameanza juzi haloperidoli, dawa ya saikosisi (hali ya akili kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Leo shingo imepinda, taya limekaza, macho yamepanda juu na hayashuki. Ndugu husema ni kifafa au pepo. Sivyo: ana fahamu zake zote, anasikia kila neno, na ameshikwa na hofu. Hii ni distonia ya ghafla, yaani misuli kukaza yenyewe kwa sababu ya dawa.

Ndani kabisa ya ubongo, katika striatamu, sehemu inayoratibu mwendo wa mwili, kemikali iitwayo dopamini huzizuia seli zinazotoa kemikali nyingine, asetilikolini, kupitia vipokezi vya D2 (sehemu za seli zinazopokea dopamini). Dawa ikiviziba, asetilikolini hukosa wa kuizuia na misuli hukaza. Vipimo vya PET (picha za ubongo ukifanya kazi) vimeonyesha kwamba saikosisi huanza kutulia vipokezi vikizibwa takriban asilimia 65, na mwili huanza kukaza vikikaribia asilimia 80. Nafasi kati ya hapo ni finyu mno, kwa hiyo sikubaliani na haraka ya kupandisha dozi. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, nayo huziba D2 hizohizo, na vijana ndio huathirika zaidi.

Dawa zinazoizuia asetilikolini, yaani biperideni miligramu 5 au benztropini miligramu 1 hadi 2, kwa sindano ya msuli, kwa kawaida huleta nafuu ndani ya nusu saa. Kosa la kawaida ni kumruhusu mgonjwa aende bila vidonge: sindano huisha nguvu haloperidoli ikiwa bado mwilini, na usiku shingo hupinda tena. Mpe vidonge vya benzheksoli, dawa ya kundi hilohilo, vya siku chache. Sauti ikikwama na pumzi ikibana, koo limekaza. Hiyo ni dharura.

Diskinesia ya kuchelewa, yaani ulimi, midomo au viungo kuchezacheza bila hiari, ni jambo jingine. Huja baada ya miezi au miaka ya kutumia dawa za saikosisi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vipokezi vilivyozibwa muda mrefu huongezeka na kuitikia dopamini kupita kiasi. Sasa mizani imeelemea upande wa dopamini, si wa asetilikolini, hivyo benzheksoli huzidisha tatizo. Kupandisha dozi ya dawa ya saikosisi huificha tu diskinesia. Kuikatisha dawa hiyo ghafla huichochea. Valbenazini na deutetrabenazini, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hupunguza dopamini inayopakiwa tayari kutolewa na seli.

Igundue mapema. Mwambie mgonjwa afungue kinywa, ulimi utulie ndani, uutazame. Kisha agusanishe kidole gumba na vingine upesi kwa sekunde 10 hadi 15, huku wewe ukitazama midomo na miguu, si mkono. Akili ikishughulika na vidole, midomo iliyokuwa imetulia huanza kutafuna hewa.