Kwa Nini Msomaji Husamehe Bahati Mbaya na Kuikataa Nzuri

Katika kuhariri miswada ya riwaya, jambo ninalolitia alama mara nyingi kuliko mengine yote ni sadfa inayomwokoa mhusika. Shujaa amezongwa na madeni, nyumba yake iko karibu kupigwa mnada, na katika sura ya mwisho anazuka mjomba aliyedhaniwa amekufa zamani, akiwa na mali tele na hana mrithi mwingine. Nikimwandikia mwandishi kwamba hapo msomaji atakasirika, hujitetea kwamba mambo kama hayo hutokea. Utetezi huo ni wa kweli, na kwa sababu hiyo unastahili jibu refu kuliko lile la kawaida la kwamba maisha ni kitu kimoja na hadithi ni kitu kingine.

Hutokea kweli, tena kwa kiwango ambacho mwandishi asingethubutu kukibuni. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Marekani iliyobeba bomu la atomiki ilielekea Kokura, mji wa Japani uliokuwa na kiwanda kikubwa cha silaha. Wanahewa wake walikuwa wameamriwa wasiliangushe bomu mpaka waione shabaha kwa macho yao; wakapita juu ya mji mara tatu, lakini mawingu na moshi viliificha, wakageukia Nagasaki. Makumi ya maelfu ya watu wakafa Nagasaki na watu wa Kokura wakasalimika, wala hapakuwa na wema wa hawa au uzembe wa wale uliochangia lolote. Riwaya ikijengwa juu ya wingu hilo, nina hakika msomaji atalikubali ikiwa mhusika anaishi Nagasaki. Akiwa mkazi wa Kokura, na wingu likatanda katika ukurasa wa mwisho, msomaji huyohuyo atalalamika kwamba amedanganywa, ilhali wingu ni lilelile na asubuhi ni ileile.

Kanuni inayofundishwa katika warsha za uandishi husema kwamba sadfa ya kumtia mhusika matatani inaruhusiwa, na ile ya kumtoa matatani ni udanganyifu. Mimi mwenyewe huifundisha. Hata hivyo, sababu inayotolewa kuitetea hainitoshelezi. Husemwa kwamba bahati mbaya humtwika mhusika swali, nasi tunasoma ili tuone atalijibuje, ilhali bahati nzuri humjibia swali hilo kabla hajafungua kinywa. Maelezo hayo yanafaa kwa sadfa zinazoanzisha hadithi. Hayaelezi kitu kuhusu zile zinazoimaliza.

Tuangalie Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu wapenzi wawili. Juliet amekunywa dawa ya kumfanya aonekane amekufa, na mtawa Laurence amemwandikia Romeo barua ya kumweleza mpango wote. Barua haifiki Mantua, mji aliko Romeo, kwa sababu mtawa aliyepewa kuipeleka amefungiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni. Wakati huohuo Balthasar, mtumishi wa Romeo, anafika salama na habari ya uongo asiyojua kuwa ni uongo, kwamba Juliet amezikwa. Sasa wabadilishe wajumbe hao wawili: mlinzi wa tauni amzuie Balthasar na kumwachia mtawa apite. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika uwezekano wa matukio. Ni tauni ileile, njia ileile na wajumbe walewale. Lakini tamthilia ingeisha kwa wapenzi kukutana kaburini wakiwa hai, na wahakiki wangesema Shakespeare alichoka akatafuta njia ya mkato. Sadfa aliyoiacha Shakespeare haimpi Romeo swali lolote la kujibu, maana baada yake kuna sumu tu anayoinywa na kufa, na bado tunaikubali bila kunung'unika.

Kwa hiyo sababu iko kwingine, na naona Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliikaribia katika karne ya 4 K.K. alipoandika juu ya ufundi wa tamthilia. Alimlaumu mtunzi Euripides kwa kumtoa mhusika wake Medea jukwaani kwa mtambo wa kumwinua juu, na bado alisifu namna Oedipus anavyojitambua, kwamba alimuua baba yake Laius na kumwoa mama yake, katika tamthilia ya Sophocles, ingawa utambuzi huo unasimama juu ya sadfa mbili nzito. Mjumbe anayeleta habari ya msiba kutoka Korintho anatokea kuwa ndiye aliyempokea Oedipus mlimani alipokuwa mtoto mchanga. Na mtu pekee aliyenusurika siku Laius alipouawa njiani anatokea kuwa ndiye mchungaji aliyeamriwa kwenda kumtupa mtoto huyo. Aristotle anataja pia sanamu ya Mitys katika mji wa Argos, iliyomwangukia na kumuua mtu aliyesababisha kifo cha Mitys mwenyewe. Matukio ya namna hiyo, anasema, hayaonekani kuwa ya ovyo. Ni bahati, lakini ni bahati iliyovaa sura ya hukumu. Nadhani hapo ndipo palipo na kiini: msomaji hana ugomvi na bahati. Anachokataa ni malipo ambayo hayakutolewa jasho. Mateso hayahitaji kustahiliwa ili tuyaamini, bali ushindi lazima ustahiliwe.

Tabia hiyo hatuiachi kitabuni. Nimehariri tawasifu kadhaa, na karibu zote zina mpangilio mmoja: ugonjwa, ajali na hasara huelezwa kuwa vilitoka mbinguni, na mafanikio huelezwa kwa bidii ya mwenye kusimulia. Methali yetu inasema riziki ni kama ajali, huitambui ijapo, lakini msimulizi wa maisha yake huikubali kwa upande wa ajali na kuifuta kwa upande wa riziki. Simdhanii kuwa mwongo. Anafanya kazi ya mwandishi mzuri wa riwaya, yaani kuondoa sadfa inayookoa ili hadithi ishikamane, na tatizo ni kwamba yeye hana ruhusa ya kuiondoa.

Tungeweza kumsahihisha kama tungeyaona maisha yakirudiwa mara nyingi, jambo lisilowezekana kwa mtu mmoja, ingawa kuna watafiti waliolikaribia. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio ambamo watu zaidi ya 14,000 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kupakua walizozipenda. Baadhi hawakuona uchaguzi wa wenzao. Wengine waligawanywa katika makundi manane yaliyotenganishwa, kila kundi likiona idadi ya upakuaji wa watu wake tu. Nyimbo bora hazikushuka mno na dhaifu hazikupanda mno, lakini zilizokuwa katikati zilitupwa huku na huku: wimbo uliokuwa wa 26 kwa wasikilizaji wa kujitegemea ulishika nafasi ya 1 katika kundi moja na ya 40 katika jingine. Mwanamuziki wa kundi lile la kwanza angeandika tawasifu ya bidii. Na bidii ingekuwepo kweli, sawasawa na ile ya nafsi yake nyingine iliyoshika nafasi ya 40.

Tukiwahukumu wengine, mizani hugeuka. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walijadili jambo walilolipa jina la bahati ya kimaadili. Madereva wawili wamezembea kukagua breki zao. Mmoja anafika nyumbani, na mbele ya mwingine mtoto anakatiza barabara. Uzembe ni mmoja, lakini wa pili tunamwita muuaji, na wa kwanza hatumwiti chochote. Riwaya ina uwezo ambao mahakama haina, wa kutuketisha ndani ya gari la yule aliyefika salama na kutuonyesha njia tupu iliyokuwa mbele yake. Ni ajabu kwamba waandishi wachache mno huutumia.

Ndiyo maana siku hizi, mjomba tajiri akizuka katika sura ya mwisho, simshauri tena mwandishi amfute. Humwomba amlete katikati ya kitabu, kurasa zibaki za kutosha, kisha amwache shujaa aishi na jirani ambaye nyumba yake ilipigwa mnada wiki ileile kwa deni lilelile. Mwandishi akinijibu kwamba hiyo sasa ni hadithi nyingine, humwambia aanze kuiandika.